Gololi ya Mwisho

1

Breki za lori zilikufa kwenye kona ya tatu ya Mteremko wa Ndulilo, na dereva alikuwa na kikombe cha chai juu ya dashibodi.

"Ndulilo, hapa Chaula," alisema kwenye redio, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. "Sina breki, wapendwa."

"Tumekuona, kaka Chaula," Subilaga alimjibu kutoka chumba cha uongozaji, kilichojengwa kileleni pa mteremko. "Shika usukani tu."

"Na chai yangu?"

"Inywe kabla haijapoa."

Lori lilikuwa na tani arobaini na mbili za mbolea. Kama malori yote ya umeme ya siku hizo, lilichajiwa kileleni, na betri iliyokwisha kujaa haina tena mahali pa kuipokea nguvu ya mteremko. Mzigo wote huziangukia breki za chuma, nazo huungua. Mwezi wa pili mwaka huohuo, mtu aliyeyasikia maneno ya Chaula redioni angevua kofia. Sasa Subilaga alitazama tu kioo chake, akaona nguzo za kijivu zilizopangwa kando ya barabara zikiwaka taa moja baada ya nyingine, na lori likasimama.

Halikupunguza mwendo. Lilisimama. Lilikuwa likienda kilomita mia kwa saa, kisha, kabla jicho halijapepesa, lilikuwa limetulia kama jiwe. Kamera ya ndani ilimwonyesha Chaula akipiga funda. Chai haikuwa na hata kiwimbi.

Aliyewahi kusimama nyuma ya pikapu anajua mambo hayaendi hivyo. Gari likifunga breki, wewe unaendelea mbele, kwa sababu mwili wako ulikuwa na safari yake na hakuna aliyeuambia kwamba gari limesimama. Kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka kitu kingine kikizuie, na mara nyingi kitu hicho huwa ni kioo cha mbele. Lakini Kipokezi, mtambo wa zile nguzo, hakikuzuia gari. Kiliuchukua mwendo wenyewe kutoka katika kila chembe kwa mara moja: chembe za chuma, za mbolea, za mifupa ya Chaula, za chai. Na kwa kuwa mwendo haupotei bali hukabidhiwa tu, nguzo ziliukabidhi kwa mwamba, na mwamba kwa Dunia nzima.

Subilaga ndiye aliyeandika sehemu hiyo ya ripoti ya mtambo, ukurasa wa sitini na moja. Ofisi nzima iliijua kwa moyo sentensi yake ya mwisho: *Dunia ni kubwa, haitahisi.* Mkuu wake, Injinia Ngailo, aliichapisha kwenye fulana na kuivaa kila Ijumaa.

"La mia moja na kumi na mbili," alisema kijana wa zamu, akiandika ubaoni. Malori mia moja na kumi na mawili tangu Machi, na hakuna aliyekufa.

Saa saba Subilaga alikwenda kula. Mama Ipyana, mpishi wa kantini, alimpakulia maharage huku amenuna.

"Usinisifie leo," alisema. "Yana ladha ya bati. Chungu changu kimepasuka, na ukienda Isyeto kutafuta kingine wanakuonyesha vigae."

"Isyeto si ndiko vyungu vinakotoka?"

"Vilikotoka, mwanangu. Wameingiwa na mkosi. Vinapasuka vikiwa vibichi, vinapasuka vikianikwa, vinapasuka motoni. Sasa hata kuta za nyumba zina nyufa. Lakini wanasema mwenye mkosi wameshampata, mwanamke mmoja anaitwa Tusekile. Wamemtoa kwenye kikundi."

Subilaga aliacha kutafuna. "Ilianza lini, mama?"

"Mvua za masika zilikuwa zinaanza. Machi hivi. Mbona huli? Nimekwambia ni bati tu, hayana sumu."

2

Kulikuwa na karatasi moja ambayo Subilaga hakuiweka kwenye ripoti.

Ilitoka kwa wapimaji wa miamba. Walikuwa wamegundua kwamba bamba la mwamba lililo chini ya Ndulilo, lililonyooka kilomita arobaini hadi ufukweni mwa ziwa, huenda halikushikamana na tabaka la chini yake. Huenda kati yao kulikuwa na utando wa udongo laini. Huenda. Ili kuwa na hakika ilibidi kuchimba, na kuchimba kungechukua miezi mitatu.

Karatasi ilimfikia siku basi la wanafunzi wa uuguzi lilipopita kona ya tisa bila kukata kona. Jioni hiyo Subilaga alikuwa miongoni mwa waliokwenda kushika tochi. Aliona kofia nyeupe zimenasa kwenye vichaka. Asubuhi yake aliandika, *mwamba umeshikamana na tabaka la chini*, akatia sahihi. Hakujiambia kwamba anadanganya. Alijiambia kwamba anaamini.

Sasa, baada ya maharage yale, alishuka karakana akaomba gololi saba za beringi. Alizipanga mstari mmoja kwenye mfereji wa rula, zikigusana, kisha akachukua ya kwanza, akairudisha nyuma kidogo, akaisukuma. *Tak.* Iligonga mstari na kutulia. Zile tano za katikati hazikutikisika hata unywele. Ya mwisho iliruka mezani, ikaanguka sakafuni na kubingirika mpaka chini ya kabati.

Aliinama akaichukua. Mitambo yao yote ya kupima mitetemo waliifunga mteremkoni na katikati ya bamba. Hakuna hata mmoja uliofungwa mwisho.

Jumanne aliaga ofisini kwamba anakwenda kununua chungu.

3

Isyeto ipo pale bamba la mwamba linapokatika, kama ukingo wa meza, na udongo mwekundu wa kufinyangia unapatikana chini ya ukingo huo. Nyumba ya Tusekile ilikuwa peke yake upande wa juu. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wenye ufa mrefu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko.

"Karibu, dada. Kama umekuja kununua, umekosea nyumba. Kama umekuja kutazama mchawi, kaa hapo kwenye kigoda, kutazama ni bure."

"Nimekuja kusalimia, mama."

"Hao ndio wabaya zaidi." Lakini alimsogezea kigoda.

Alimweleza bila kuombwa, kama mtu aliyekosa msikilizaji kwa muda mrefu. Wanawake wa Isyeto huchoma vyungu vyao pamoja, lundo moja, moto mmoja. Na sheria yao ni hii: mwenye neno moyoni asilolisema asisogee motoni, kwa sababu chungu hulisikia na kupasuka. Kwa hiyo vyungu vikipasuka, wanakaa duara, kila mmoja anatoa la moyoni. Huyu alimsengenya yule, yule alificha samaki wageni walipokuja. Wanacheka, wanasameheana, wanachoma upya, na vyungu vinatoka vizima.

"Safari hii tumetoa yote," alisema Tusekile. "Kuna watu wametoa mpaka ya wakwe zao. Vyungu vikaendelea. Mimi zamu yangu ilipofika nikasema sina kitu. Kweli sikuwa nacho, mume wangu alifariki, watoto wako mbali, ningemchukia nani? Sasa kati ya wanawake kumi na tisa, mmoja tu hajasema neno. Ungekuwa wewe ungemshuku nani?"

"Ningekushuku wewe, mama."

"Basi. Sina kinyongo nao." Aliuzungusha udongo kwenye kigae kilichokuwa chini yake, mdomo wa chungu ukatokea chini ya vidole kama kitu kilichokuwa kimejificha. "Leo alasiri ni duara la mwisho. Nisiposema, nafungiwa shimo la udongo. Mama yangu alichimba pale, na mama yake. Nimefikiria nitunge. Niseme nilimwonea wivu mke wa kaka yangu. Lakini nikitunga, na vyungu vikazidi kupasuka, juma lijalo nitatunga nini?"

Simu ya Subilaga ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa imeunganishwa na mitambo ya ofisini, na Jumanne ndiyo siku misafara ya bandarini inaposhuka. Kipokezi kilikuwa kimedaka lori.

Alianza kuhesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tusekile alikuwa akilainisha shingo ya chungu. Tano. Sita. Kuku alivuka uwanja. Nane.

Hakukuwa na kishindo. Ardhi ilisogea tu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Vyungu vitatu vibichi vilivyopangwa kando ya ukuta viligongana, na kimoja kikatoa sauti ndogo, *tii*, na mstari mwembamba ukapanda kutoka kitakoni hadi mdomoni.

Tusekile alikitazama, akashusha pumzi. "Umeona? Na tangu asubuhi sijasemana na mtu ila wewe."

Subilaga aliinuka, akasema anakwenda kupiga simu.

Alisimama nyuma ya nyumba, paji la uso wake likigusa ufa.

"Vyungu?" alisema Injinia Ngailo. "Subilaga, unapima vyungu kwa watu?"

"Na kuta, mkuu. Nimehesabu sekunde. Mwendo wote unakuja kutokea huku. Hatukuupa Dunia, tumewapa watu wa Isyeto."

Ngailo hakuwa mtu mbaya. Shemeji yake alikuwa mwalimu wa wale wanafunzi wa uuguzi, naye alikuwa ndani ya basi lile.

"Ukilisema leo," alisema taratibu, "kesho tunaamriwa kuzima. Keshokutwa lori linashuka. Wewe utakwenda kumweleza mjane habari za nyufa? Tulia. Tupe miezi mitatu tuchimbe, tujue kwa hakika."

Miezi mitatu. Ilikuwepo kumbe.

"Tunaweza kuurefusha usimamishaji," alisema Subilaga. "Mwendo ni uleule, lakini tukiuchukua kwa sekunde arobaini badala ya nusu sekunde, msukumo unakuwa mdogo mara themanini. Huku hawatausikia."

"Na lori linahitaji zaidi ya nusu kilomita ya barabara kusimama. Anayekatikiwa breki baada ya kona ya nane hana nusu kilomita. Ulipiga hesabu ni wangapi?"

Alikuwa amepiga. "Kumi na wanne, kati ya mia na kumi na wawili."

"Kumi na wanne," alisema Ngailo. "Wana majina, Subilaga. Na kwa nini tulichagua nusu sekunde, unakumbuka?"

Alikumbuka. Siku ya kuonyesha mtambo kwa wageni waheshimiwa, walitaka chai isimwagike.

4

Duara lilikuwa chini ya banda la kuanikia, vyungu vibichi vikiwa vimepangwa nyuma ya wanawake kama wasikilizaji wa pili. Mkubwa wao, Mama Nsajigwa, alimruhusu mgeni kukaa pembeni, mradi asipige picha.

Walikuwa wamechoka kutoa ya moyoni, hilo lilionekana. Mmoja alikiri kwamba alimcheka mwenzake alipoanguka kisimani. "Hilo ulishalisema Juni," aliambiwa. Mwingine alisema hana jipya ila njaa. Kicheko kilipita na kufa haraka, kwa sababu zamu ilikuwa imemfikia Tusekile.

"Dada yetu," alisema Mama Nsajigwa, na sauti yake haikuwa na ukali. "Tumesubiri miezi saba. Sema tu. Hata kama ni kubwa, tutalibeba pamoja."

Tusekile alikunjua vidole na kuvikunja. Subilaga aliuona mdomo wake ukifunguka, akajua kwamba mke wa kaka yake alikuwa karibu kutajwa, wivu usiokuwepo, kosa lililofinyangwa pale pale kwa udongo wa hofu.

"Ni mimi," alisema Subilaga.

Vichwa vyote viligeuka.

"Wewe mgeni," alisema Mama Nsajigwa. "Huna udongo hapa."

"Lakini nina neno moyoni, mama. Nalo ndilo linalopasua vyungu vyenu."

Alichukua ubao wa kukatia udongo, wenye mfereji katikati, akauweka chini. Alizitoa gololi mfukoni; moja ikamponyoka na mtoto mmoja akamrudishia. Alizipanga saba. Akamwomba Mama Nsajigwa aweke kiganja mwisho wa mstari.

"Hii ya kwanza ni lori kule Ndulilo, likiwa limekatikiwa breki. Hizi za katikati ni mwamba." Akaisukuma. *Tak.* Mama Nsajigwa aliukunja mkono wake haraka.

Alikifungua kiganja, akaitazama ile gololi kwa muda mrefu. Kisha akazitazama zile tano ambazo hazikusogea.

"Kwa hiyo sisi," alisema, "ndio ya mwisho."

"Ndiyo, mama. Nilipewa karatasi iliyosema huenda ikawa hivi. Nikaiweka kwenye droo. Niliandika kwamba Dunia ni kubwa, haitahisi. Sikufikiria kwamba Dunia ina watu mwishoni mwake." Akaendelea, akawaambia mengine yote: basi, kofia nyeupe, sekunde arobaini, kona ya nane, wale kumi na wanne. Hakuacha kitu. Alipomaliza alijisikia mtupu, wala si mwepesi, kama alivyodhani mtu aliyekiri hujisikia.

Mama Nsajigwa aliiweka gololi chini kwa uangalifu, kana kwamba ingeweza kulipuka.

"Mwanangu Nsajigwa ni dereva," alisema. "Anashuka Ndulilo kila Jumanne. Agosti alinipigia simu, anacheka. Mama, anasema, leo nimekufa na sikumwaga hata chai. Siku ile chungu changu cha harusi kilianguka kutoka rafuni. Nikamlaani Tusekile."

Wanawake waliinamisha vichwa. Tusekile peke yake hakuinamisha.

"Miezi saba," alisema, "mmeniambia nina kitu moyoni. Sikuwa nacho. Sasa ninacho." Aliwatazama mmoja mmoja, kisha macho yake yakamfikia Subilaga. "Na cha kwako, injinia, ni kikubwa kuliko vya hawa. Hukunijua, sawa. Lakini kutoka kwenu hadi hapa kuna barabara. Uliogopa nini?"

"Niliogopa mngesema hapana."

"Tungesema hapana?" Tusekile alimgeukia Mama Nsajigwa. "Yeye angesema hapana? Mwanawe yumo garini. Labda tungesema, tuhamisheni banda. Labda tungesema, wale kumi na wanne tutawabeba, hao wengine wasimamisheni polepole. Labda kweli tungekataa. Sijui. Hatujui, kwa sababu hatukuulizwa."

Simu ilitetemeka.

Subilaga aliitoa mfukoni. Moja. "Linakuja," alisema. "Sasa hivi. Sekunde saba."

Hakuna aliyeuliza linakuja nini. Wanawake kumi na tisa waligeuka pamoja, kila mmoja akadaka chungu kilicho karibu naye na kukiinua kutoka ardhini. Tusekile, aliyekatazwa kuvigusa, alichukua viwili, kimoja kila mkono, na hakuna aliyemzuia. Subilaga naye alikumbatia kimoja, kikubwa cha maji, akakibana kifuani kwa nguvu zake zote.

Nane.

Ardhi ilijigeuza. Aliona mikono ya wanawake ikishuka na kupanda kidogo, kwa ulaini, kama wanaombembeleza mtoto. Vyungu ambavyo havikupata mtu wa kuvishika viligongana chini na vitatu vikapasuka. Kisha kukatulia.

Mikononi mwake mwenyewe alisikia *tii*. Aliangalia. Ufa ulianzia pale alipokuwa amekikaza kwa vidole.

"Nani alikuwa kwenye lori?" aliuliza Mama Nsajigwa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Subilaga alisoma kioo. "Hawaandiki jina, mama. Wanaandika namba ya gari, na kona. Ni kona ya kumi. Aliye ndani yu hai."

Mama Nsajigwa alitikisa kichwa taratibu, akakiweka chungu chake chini na kukaa karibu nacho. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Huenda aliomba, huenda alihesabu kona.

Subilaga alipiga magoti akaanza kukusanya vigae, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Machozi yalidondoka kwenye udongo na udongo ukayanywa. Alisikia miguu ikija, kisha Tusekile akachuchumaa mbele yake, akakichukua kile chungu chenye ufa na kukigeuza, akikikagua kwa macho ya mtu wa kazi.

"Ulikikaza mno," alisema. "Kitu kinachotikiswa hakibanwi. Unakwenda nacho kidogo." Alikiweka pembeni, upande wa vile vitakavyopondwa na kufinyangwa upya. Hakuwa amesamehe, na Subilaga hakuthubutu kuutafuta msamaha usoni mwake.

"Nitawapigia wakuu leo hii," alisema Subilaga. "Nitawaambia kwa sahihi yangu."

"Utawapigia. Lakini waambie waje hapa, wakae chini kama sisi, watuulize. Hao kumi na wanne wako hatuwezi kuwapima tukiwa tumesimama." Tusekile alimwonyesha nafasi kwenye duara, kati yake na Mama Nsajigwa. "Sasa rudi ukae. Hujamaliza kusema, na mimi ndiyo kwanza naanza."